Maji Aliyorudi Nayo Wifi Huwaida

Wifi yangu Huwaida alipotuambia kwamba anakwenda safari ya meli, mama mkwe alimuuliza kama anakwenda Jeddah. Akajibu kwamba anakwenda Chile. Mama mkwe akaitafuna tende yake mpaka ikaisha, kisha akauliza Chile iko upande gani wa Salala, mji wetu wa kusini.

"Chini kabisa, mama. Mwisho wa dunia. Ukiipita hiyo ni barafu tupu."

"Na barafu ya kwenye friji haikutoshi?"

Ilikuwa Ijumaa, nyumbani kwetu Ibra, Oman, tumekaa chini baada ya chakula cha mchana. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilitaka Huwaida aonekane mjinga japo mara moja. Lakini naye alicheka, akauvuta mguu wa mama yake mapajani akawa anaukanda, na kicheko changu kikabaki peke yake sebuleni.

Huwaida ni dada wa mume wangu Harub, na hawana mwengine. Wazee wao walitoka Unguja wakaja Oman miaka ya sabini, na yeye akazaliwa hapa hapa Ibra. Baba yao alifariki Huwaida ana miaka kumi na sita, Harub ana sita. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka skuli, ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyekaa naye akamfundisha hesabu huku mama yao, Bi Fawziya, akishona kofia mpaka macho yakaingia ukungu. Alikwenda Maskat kusomea kazi ya maabara, akarudi, na mshahara wake wa kwanza ukawa baiskeli ya Harub. Binamu yao mmoja wa Samad Ash Shan alimposa. Huwaida akamwambia angoje kidogo, mpaka Harub amalize skuli. Akangoja miaka minne, akachoka, akaoa mwengine. Sasa ana watoto saba, na sikukuu zikija Huwaida huwapelekea nguo wote saba. Haya yote niliambiwa wiki yangu ya kwanza ya uarusi, na kila aliyenambia alimalizia kwa maneno hayo hayo: huyo ndiye aliyemlea mumeo.

Mimi ni mtu wa Pemba. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani, nikaolewa, nikapandishwa ndege. Harub anafanya kazi bandarini Sur, hulala huko siku za kazi na kurudi Alhamisi. Siku hizo, Jumapili mpaka Jumatano, naishi na mama mkwe na watoto wangu wawili: Basma wa miaka mitano na nusu, na Wadha anayenyonya. Alhamisi ndiyo siku yangu. Nafukiza udi, nabadili mashuka, namwaga maji uani. Halafu, kabla gari ya Harub haijafika, inafika gari ya Huwaida kutoka Nizwa, ambako anafanya kazi hospitali. Basma humsikia kwa honi. Hukimbia bila viatu. Na Harub akija baadaye, huuliza mlangoni, "Dada kafika?"

Huwaida hajawahi kunitendea ubaya. Ndio uliokuwa uzito wenyewe. Angekuwa na ulimi ningejua pa kumshika. Yeye huja, huvua abaya, huingia jikoni kwangu, huosha vyombo kabla sijamwambia. Kucha zake fupi, mikono yake inanuka sabuni ya hospitali. Hupiga pasi kanzu ya Harub, na kola hukaa vile ambavyo mimi kwa miaka saba sijaweza kuikalisha. Nikimshukuru, husema, "Nimezoea, wifi." Neno hilo, nimezoea, lilikuwa likinichoma kuliko tusi.

Basi alikwenda. Wiki tatu. Kwa wiki tatu Alhamisi ilikuwa yangu peke yangu, na nakiri nilimuomba Mungu amrudishe salama lakini asiharakishe.

Alirudi katikati ya Januari, uso umemkauka kwa baridi na midomo imepasuka. Ijumaa yake, baada ya chakula, aliunganisha simu na televisheni akatuonyesha picha. Meli yenyewe ilikuwa ndogo, abiria wasiofika sitini. Bahari ya kijivu, milima inayotoka majini moja kwa moja bila ufukwe, na juu ya milima barafu imelala kama unga uliomwagika. Kisha picha za barafu yenyewe, kuta ndefu, buluu kama chupa ya dawa. Alituambia kwamba ile si theluji ya juzi. Ni theluji iliyoshindiliana maelfu ya miaka mpaka ikawa jiwe, na jiwe hilo linateremka bondeni polepole kama mto, likifika baharini linakatika vipande kwa mlio wa radi.

"Mto wa barafu," Basma akasema. Alikuwa amekaa mapajani kwa shangazi yake, amejifunika shali lake.

"Ndiyo, habibti. Mto wa barafu."

Ikaja picha ya pengwini wamesimama jabalini, mamia, mgongo mweusi na kifua cheupe.

"Hawa wamevaa majoho ya bushuti," mama mkwe akasema. "Maharusi wote hawa, na wewe umerudi peke yako?"

"Wafupi, mama."

"Na wewe bado unachagua."

Akatueleza namna alivyosali. Jua lilikuwa halizami mpaka saa nne usiku, na Maghrib ilimkuta na usingizi. Alimuuliza baharia mashariki iko wapi, baharia akamuonyesha kwa kidole. Akaanza rakaa ya kwanza sawasawa, meli ikapinda, akatoa salamu akiwa ameelekea asikokujua.

"Maana ile meli haiendi njia moja," akasema. "Inaingia kwenye hori hili, inatoka, inaingia hori jengine. Siku nzima mahori tu, membamba, huku mlima na huku mlima."

Kijijini kwetu hori ni gogo lililochimbwa, la kulishia ng'ombe. Sikulijua jengine. Nikauliza, "Sasa huko kwenye barafu ng'ombe wanakula nini mahorini?"

Mama mkwe alicheka mpaka kanga ikamteremka. "Hori la bahari, mwanangu. Maji yanapoingia ndani ya nchi, kama lile la Sur unalolipita kila ukenda kwa mumeo."

Harub akacheka. Na Basma, kutoka mapajani kwa shangazi yake, akacheka, akasema, "Mama hajui. Mama anadhani ng'ombe."

Huwaida hakucheka. Akasema, "Wala hakukosea sana. Ukiwa ndani, huku ukuta na huku ukuta na maji katikati, ni hori la ng'ombe kweli." Angecheka kama wengine ningesamehe. Alinitetea mbele ya mtoto wangu mwenyewe, na mtoto akamtazama yeye kwa mapenzi, si mimi.

Nikaondoka kwenda kutia chai. Niliporudi na sinia, nilimkuta anasema na Harub kwa sauti ya taratibu.

"Nipeni Basma," alikuwa anasema. "Aje Nizwa kwangu. Muhula huu aanze tamhidi, darasa la watoto, huko, Septemba aingie darasa la kwanza. Skuli iko mtaa wa pili na kwangu. Nitamsomesha mwenyewe jioni. Alhamisi tutakuja pamoja."

Kwetu shangazi huhesabiwa baba. Akimtaka mtoto wa kaka yake kumlea, hakuna anayeona ajabu. Ajabu ni kumnyima. Mama mkwe mwenyewe alilelewa na shangazi yake Malindi, Unguja, na mpaka leo akimtaja hufuta macho. Harub alimtazama dada yake, akanitazama mimi na sinia, akasema kile anachosema kila linapomwelemea jambo.

"Neno ni la mama."

Mama mkwe akapokea chai. "Nitaomba Mungu," akasema. "Akinionyesha, nitasema Alhamisi."

Sikuulizwa. Nilikaa chini nikamnyonyesha Wadha, na mkono wangu wa pili nikaushika mguu wa Basma uliotokeza chini ya shali. Akauvuta, alidhani namtekenya.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kurudi Nizwa, Huwaida alinijia jikoni na chupa ya plastiki isiyo na karatasi, imefungwa kwa soksi ya sufu. Mama mkwe alikuwa chumbani anasali Dhuha.

"Wifi, naiacha kwenye friji. Mabaharia waliopoa bonge la barafu baharini, wakalivunja, wazungu wakatia kwenye vinywaji vyao. Mimi nikaomba kipande nikakitumbukiza humu. Kimeyeyuka, lakini nikija tutakigandisha tena, Basma aone. Ni ya Basma. Tafadhali isiguswe."

"Haitaguswa," nikasema.

Nikaiweka nyuma, kwenye mlango wa friji, karibu na siki. Kila nilipofungua kutoa maziwa niliiona. Maji meupe, kama maji yoyote. Lakini yamevuka dunia kwa ajili ya mwanangu, na mimi sijawahi kumletea kitu kutoka mbali zaidi ya dukani kwa Mhindi.

Jumatatu mama mkwe aliingia jikoni kutafuta ndimu. Nilikuwa nasonga ugali wa Wadha. Nikasikia friji imefunguliwa na haifungwi.

"Asya. Zamzam hii ya nani?"

Nikageuka. Ameitoa kwenye soksi, ameishika kwa mikono miwili. Katika nyumba hii chupa ya maji isiyo na karatasi, iliyofungwa vizuri na kufichwa nyuma ya friji, ni kitu kimoja tu. Kila anayekwenda Makka kufanya Umra hurudi na maji ya kisima cha Zamzam.

"Kaileta Huwaida," nikasema. Huo ulikuwa ukweli.

"Zamzam?"

Ningeweza kusema. Mwiko ulikuwa mkononi, ugali unatokota. Niliona ile chupa ikimalizika kwa mama mkwe, imenywewa kama maji ya mtungi, na Huwaida akija asikute kitu cha kugandisha wala cha kuonyesha. Hilo tu nililitaka. Kitu chake kimoja kiishe.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaniomba nimshike asimame sawa. Akaelekea kibla pale pale jikoni, baina ya friji na dirisha, akapiga bismillahi, akanywa mafunda matatu. Zamzam hunywewa kwa nia, na nia hutamkwa. Akaombea magoti yake. Akawaombea maiti wake, mmoja mmoja kwa jina, mpaka shangazi wa Malindi. Kisha akamwita Basma, akamnywesha, akamshika utosi.

"Ya Rabbi, nionyeshe la mtoto huyu."

Akakaa kitini akitweta. Nikauona uso wake unafunguka, kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"Kumbe alipita Makka," akasema. "Anakwenda huko kwenye mabarafu, watu tunamcheka, kumbe wakati wa kurudi kafanya Umra yake kimya kimya, hata mamaake hakumwambia. Angekuwa mwengine angetujaza picha." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mtu asiyejisifia ibada yake. Huyo ndiye wa kumlea mtoto. Moyo wangu umefunguka, Asya. Basma ataondoka naye."

Ugali ukaungua. Niliuachia ukaungua.

Toka hapo mambo yakenda yenyewe. Jumatano mama mkwe alikwenda soko la wanawake na jirani yetu Bi Fakhriya, na mpaka anarudi, nusu ya wanawake wa Ibra wanaojua Kiswahili walikuwa wanajua kwamba Huwaida kaenda Umra. Bi Fakhriya alikuja Alasiri na kikombe. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini ya chupa. Akapewa kijiko kimoja, akajipaka kilichobaki gotini. Basma alitoa nguo zake kabatini akazipanga kwenye mfuko wa skuli, akatia na mswaki wangu, kwa kuwa ni wa rangi anayoipenda. Nilimwambia huo ni wa mama. Akasema, "Utanunua mwengine."

Nikawaza. Nikisema, nimemdanganya mkwe wangu juu ya Zamzam, na kuna uongo gani mbaya zaidi ya huo kwa bibi wa miaka sabini na tano aliyesimama kwa taabu kuelekea kibla? Nikinyamaza, mtoto anakwenda. Na ajabu ya wivu ni kwamba hata katika dhiki hiyo kilichonila zaidi ni kwamba nimempandisha Huwaida cheo kwa mdomo wangu mwenyewe. Miaka saba natafuta ila yake, na siku niliyofungua mdomo nikamfanya walii.

Alhamisi honi ikalia. Basma akakimbia. Bi Fakhriya alikuwa barazani na mama mkwe, na Huwaida hajavuka kizingiti Bi Fakhriya akamwambia, "Taqabbal Allah, mwanangu. Mungu aipokee Umra yako."

Huwaida akasimama. "Umra?"

"Tumeshajua, usijifiche," mama mkwe akasema. "Zamzam yako tumeinywa. Na Basma utaondoka naye Jumamosi, moyo wangu umeridhika."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na Wadha begani. Huwaida aliwatazama wale wazee wawili, kisha akanyanyua macho akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameshaelewa yote. Nikangoja aseme. Ilikuwa haki yake kusema. Basma alikuwa amemkumbatia kiunoni.

"Amin," Huwaida akasema. "Mungu atupokelee sote."

Akapita, akaja jikoni, nami nikamfuata. Hakuvua abaya.

"Asya." Aliniita kwa jina. "Wewe ndiye uliyemwambia ni Zamzam?"

"Aliniuliza, nikamwambia ndiyo."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka yaishe."

Alifungua friji akaitazama nafasi ya chupa, akaifunga. Nilitaraji ghadhabu. Alivuta kigoda akakaa, mkubwa kwenye kigoda kidogo cha kukunia nazi.

"Nimesema amin," akasema. "Unajua kwa nini? Nimejiambia, sikudanganya mimi. Nikinyamaza tu, nampata." Alikuwa anakwangua kucha isiyokuwepo. "Siku ya nne kule, tulikuwa kwenye vile viboti vya mpira mbele ya ukuta wa barafu. Kikakatika kipande kikubwa kuliko nyumba hii. Kila mtu kwenye boti akamshika mwenziwe. Mimi nikawa nasema, tazama, tazama. Kwa Kiswahili. Mzungu wa pembeni yangu akanitazama mimi, hakutazama barafu. Nikajua nilikuwa nasema na Basma."

Hata hapo nilimuonea wivu. Mimi mwanangu namkumbuka jikoni, mbele ya sufuria. Yeye alimkumbuka mbele ya jabali la barafu linaloanguka baharini, na ningempa nini mtoto cha kulingana na hilo?

"Mimi kwa mama sisemi," akasema. "Sina nguvu hiyo. Sema wewe, au tunyamaze sote wawili."

Alisema kweli, hakujifanya mwema. Nadhani hilo ndilo lililonitoa mle jikoni.

Bi Fakhriya alikuwa ameshakwenda zake. Mama mkwe alikuwa na tasbihi. Nilikaa mbele yake nikamweka Wadha mkekani.

"Mama, yale maji hayakuwa Zamzam."

Vidole vyake havikusita. Alimaliza thelathini na tatu zake kwanza.

"Yalikuwa nini?"

"Barafu ya huko alikokwenda. Iliyeyuka."

"Huwaida alikwambia ni Zamzam?"

"Aliniambia ni barafu, isiguswe. Mimi ndiye niliyekwambia wewe vyengine."

"Kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimetengeneza jawabu njiani, la kusahau, la usingizi wa mtoto. Halikutoka. "Kwa wivu, mama."

Aliiweka tasbihi chini. Wadha akajiviringisha mpaka mwisho wa mkeka, nikamrudisha.

"Nimesimama na magoti haya," akasema, "nikaelekea kibla, nikawataja maiti wangu mmoja mmoja, nikanywa mkojo wa pengwini."

Sikuthubutu kucheka wala kulia. Akasema niende nikae chumbani mpaka Harub aje.

Harub alipofika tuliitwa wote watatu, Basma akapelekwa uani. Mama mkwe alikuwa amevaa miwani, kama anavyofanya akitaka kusoma barua ya serikali.

"Neno nililolitoa," akamwambia Huwaida, "nililitoa kwa kuwa nilidhani umepita Makka. Hukupita. Basi neno hilo halipo. Na wewe ulipoitikia amin barazani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Basi mko wawili. Kesho Fakhriya anakuja kula. Asya, utamwambia wewe, kwa mdomo wako, mbele ya sahani yake."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto je?" Harub akauliza.

"Mimi nimetoa neno mara moja, likaharibika mkononi. Sitoi la pili. Muulizeni aliyemzaa."

Katika nyumba ile nilikuwa naulizwa chumvi, naulizwa kama gesi imekwisha. Harub alinigeukia polepole, kama mtu anayegeuza gari mahali pembamba.

"Unasemaje, Asya? Skuli ya Nizwa ni nzuri kuliko hii. Dada atamsomesha Kiingereza, hesabu. Wewe mwenyewe unajua hapa jioni hakuna wa kumsaidia." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli. Mwakani tu Basma ataleta daftari ambalo mimi sitaliweza.

Huwaida alikuwa anatazama mkeka.

"Simtoi," nikasema.

"Kwa sababu ipi?"

"Sina sababu nzuri. Yote uliyosema ni kweli. Simtoi."

Harub akafungua mdomo. Huwaida akamgusa goti, kama anavyomgusa tangu ana miaka sita, naye akaufunga. "Sawa, wifi," Huwaida akasema. Akainuka akavua abaya, akaitundika, akaingia kuosha vyombo.

Ijumaa nilimwambia Bi Fakhriya. Alikuwa na tonge mkononi. Alilishusha, akanisikiliza mpaka mwisho, akalinyanyua tena.

"Ndiyo maana goti halikusikia," akasema. Akala. Lakini hakuniambia "mwanangu" siku hiyo, na mpaka naandika haya bado ananiita "mke wa Harub".

Jumamosi Huwaida aliondoka asubuhi. Alikuwa amemwambia Basma mwenyewe, usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa maneno ambayo sikuyasikia. Nilisikia kilio tu. Alimbusu mkono mama yake, akanibusu na mimi mashavu mawili kama siku zote, akamwambia Harub matairi ya gari yake yameisha, ayatazame. Basma aling'ang'ania mlango wa gari. Nilimtoa kidole kimoja kimoja. Gari ilipokata kona alijitupa chini langoni, kwenye changarawe, na nilipomuinua alinipiga ngumi ya shavu. Sikumrudi.

"Ungesema ndiyo," akaniambia. Amevimba macho, kamasi mpaka kidevuni. "Shangazi kasema wewe ndiye uliyesema hapana."

"Mimi ndiye."

Hakula kwangu mchana, alikula kwa bibi yake. Alirudisha nguo zake kabatini mwenyewe, kwa kuzirusha. Jioni nilimwambia twende ukaoge, akasema ataoga peke yake, yeye mkubwa, kwa Shangazi angeoga peke yake. Akaingia akafunga mlango. Nikakaa chini nje ya mlango na taulo mapajani, nasikiliza maji, nasikiliza kopo linavyogonga ukuta. Nikawaza kwamba Huwaida saa hii anafungua nyumba yake Nizwa, anawasha taa, na chumba alichomtayarishia mtoto kiko hapo mbele yake. Hilo sikulionea wivu.

"Mama," akaita ndani baada ya muda mrefu, kwa sauti ambayo bado imekasirika. "Sabuni imeniingia machoni."

Nikainuka nikaingia.